Kusoma mauaji ya kimbari katika historia na sheria ya kimataifa: maswali ninayoulizwa mara kwa mara Dar es Salaam

Majibu haya ni kwa ajili ya wanafunzi wa historia na sheria, walimu wa sekondari na waandishi wa habari wa hapa jijini ambao kila ifikapo Aprili hunijia na maswali yanayofanana. Sikuyapanga kwa uzito. Palipo na mengi nimekaa, pasipo na mengi nimepita.

Kwa nini mtu wa Dar es Salaam ajisumbue na somo hili? Si mambo ya Ulaya na Rwanda?

Yametupitia mlangoni. Ndege iliyotunguliwa Kigali jioni ya Aprili 6, 1994, ikiwa na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa imetoka hapa Dar es Salaam, kwenye kikao cha viongozi wa kanda. Mauaji ya Watutsi yalianza usiku uleule. Mwishoni mwa mwezi huo, katika muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, huku miili ya waliouawa ikisombwa na mto Kagera kuelekea Ziwa Victoria.

Wengi wa waliovuka walikuwa Wahutu wanaokimbia RPF, jeshi la waasi lililoongozwa na Watutsi, na ndani ya umati huo walikuwamo waliotoka kuua majirani zao. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimtia hatiani, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikamfunga maisha. Kwa hiyo nchi yetu ilipokea wakimbizi, ikapokea na wauaji, kisha ikawa mwenyeji wa mahakama iliyowahukumu.

Mtu akiniambia haya ni ya mbali, humuuliza kama ana ndugu Ngara au Karagwe. Mara nyingi anaye.

Kisheria, mauaji ya kimbari ni nini hasa?

Maana inayotumika imo katika kifungu cha pili cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Desemba 9, 1948 na kuanza kutumika Januari 12, 1951. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1984. Maneno hayohayo yamerudiwa katika Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ambao tuliuridhia mwaka 2002.

Kunahitajika mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kitendo kimoja kati ya vitano: kuua watu wa kundi, kuwasababishia madhara makubwa ya mwili au akili, kuliwekea kundi kwa makusudi hali ya maisha itakayolimaliza, kuzuia kizazi kisizaliwe ndani ya kundi, na kuwachukua kwa nguvu watoto wa kundi na kuwapeleka kundi jingine. La pili ni dhamira ya kuliangamiza kundi hilo, lote au sehemu yake, kwa sababu ya kuwa kwake kundi. Na makundi yanayolindwa ni manne tu: la kitaifa, la kikabila, la rangi na la kidini.

Soma tena vitendo hivyo uone kwamba vinne kati yake havihitaji hata maiti moja. Wanafunzi wangu wengi hushtuka hapo.

Nani alianzisha wazo hili?

Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland. Akiwa kijana aliguswa na kesi iliyosikilizwa Berlin mwaka 1921, ya Muarmenia aliyempiga risasi kiongozi wa Kituruki aliyehusika na maangamizi ya Waarmenia ya mwaka 1915. Swali lililomkereketa ni kwa nini sheria ina jina kwa mtu aliyeua mtu mmoja, lakini haina jina kwa aliyeamuru kuuawa kwa watu zaidi ya milioni. Alitoa jina hilo katika kitabu chake mwaka 1944, wakati Wanazi walipokuwa wakiwaangamiza Wayahudi wa Ulaya, wapatao milioni 6, wakiwamo wazazi wake mwenyewe. Baada ya hapo alizunguka kwenye korido za Umoja wa Mataifa akiwabana mabalozi mpaka mkataba ukapita.

Watu wangapi lazima wauawe?

Hakuna idadi. Idadi husaidia kuonyesha dhamira, lakini haiamui yenyewe.

Tofauti yake na jinai dhidi ya ubinadamu ni ipi?

Jinai dhidi ya ubinadamu ni mashambulizi makubwa au yaliyopangwa dhidi ya raia: mauaji, utesaji, ubakaji, kuwahamisha kwa nguvu. Si lazima waathirika wawe wa kundi fulani. Jinai za kivita ni uvunjaji wa sheria za vita, na bila vita hazipo. Mauaji ya kimbari yanaweza kutendeka vitani au wakati wa amani, na yanasimama juu ya dhamira.

Mfano unaofundisha vizuri ni Cambodia. Utawala wa Khmer Rouge, kati ya 1975 na 1979, ulisababisha vifo vya zaidi ya watu milioni 1.5. Wengi wao walikuwa Wakhmer waliouawa na Wakhmer wenzao kwa sababu za kisiasa na kitabaka. Mahakama maalumu ya Phnom Penh ilipotoa hukumu Novemba 2018, mauaji ya kimbari yaliyothibitishwa yalikuwa dhidi ya Wavietnam na Waislamu wa Cham. Yaliyowapata Wakhmer walio wengi yaliitwa jinai dhidi ya ubinadamu, kwa kuwa kundi la kisiasa halimo katika yale manne. Liliachwa nje wakati wa mazungumzo ya 1948, Umoja wa Kisovieti ukiwa miongoni mwa waliolipinga.

Binafsi naona pengo hilo ni kasoro kubwa ya mkataba. Lakini mwanafunzi wa sheria anatakiwa aisome sheria ilivyo kwanza, ndipo aikosoe.

Dhamira inathibitishwaje? Nani ataandika kwamba anataka kumaliza kabila?

Wapo walioandika. Jenerali Lothar von Trotha, aliyewahi kutumika katika jeshi la Wajerumani hapa Afrika Mashariki miaka ya 1890, alitoa amri ya maandishi Oktoba 2, 1904 huko Namibia kwamba kila Mherero atakayekutwa ndani ya mpaka wa Wajerumani, mwenye bunduki au asiye nayo, apigwe risasi.

Lakini wengi hawaandiki, na majaji huikusanya dhamira kutoka kwenye mwenendo. Huko Srebrenica, Bosnia, Julai 1995, wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000 walitengwa na wanawake, wakapakiwa kwenye mabasi, wakapigwa risasi kwa mafungu, na baadaye makaburi yakafukuliwa kwa mashine ili miili ihamishiwe kwingine kufichwa. Mahakama ya kimataifa iliyosikiliza kesi za Yugoslavia ya zamani ilitazama mpangilio huo wote. Jeshi linalomtafuta adui wa vitani halina haja ya kumuua mvulana asiye na silaha. Wala halitumii mafuta na mitambo kuficha mifupa.

Ndiyo maana ushahidi wa vitu vidogo una thamani kuliko hotuba kali: orodha ya majina, ratiba ya magari, nani aliagiza mapanga na lini.

Nianze na kesi ipi?

Akayesu. Usianze na nyingine.

Jean-Paul Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkuu wa wilaya ndogo ya Taba. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ICTR, iliundwa na Baraza la Usalama kwa azimio namba 955 la Novemba 8, 1994, na ikaketi kwenye jengo la AICC, Arusha. Hukumu yake ya Septemba 2, 1998 ilikuwa ya kwanza duniani ambamo mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mkataba ulikuwa umekaa karibu miaka 50 bila kutumika hivyo.

Kuna sehemu mbili za hukumu hiyo ninazowataka wanafunzi wazisome polepole. Ya kwanza ni pale majaji wanapohangaika na swali la kundi. Wahutu na Watutsi wanazungumza lugha moja, wanasali makanisa mamoja, wanaoana. Sasa kundi liko wapi? Majaji walitazama vitambulisho, ambavyo tangu ukoloni wa Wabelgiji viliandikwa kabila la mwenye nacho, na walitazama namna Wanyarwanda wenyewe walivyojitambua. Kwenye vizuizi vya barabarani mwaka 1994 kipande hichohicho cha karatasi ndicho kilichoamua nani apite na nani auawe.

Ya pili inahusu ubakaji. Hati ya mashtaka ya mwanzo haikuwa na shtaka hilo hata kidogo. Shahidi mwanamke alikuja kueleza jambo jingine, na katikati ya ushahidi wake akataja kubakwa kwa binti yake wa miaka sita. Jaji Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, mwanamke pekee katika jopo hilo, alimuuliza zaidi. Akaja shahidi mwingine akaeleza yaliyotendeka kwenye ofisi za serikali za Taba, mahali ambapo wanawake walikuwa wamekimbilia kutafuta ulinzi. Juni 1997 hati ikarekebishwa. Mwisho wa kesi mahakama ikaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari ukifanywa kwa dhamira ya kuliangamiza kundi. Sheria ya dunia nzima ilibadilika kwa sababu mama mmoja alisema, na jaji mmoja hakuliacha neno lake lipite.

Ukimaliza hiyo, soma ya Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa waziri wa familia na maendeleo ya wanawake. Hukumu yake ya Juni 2011 ilisomwa na jopo lililoongozwa na Mtanzania, Jaji William Sekule, na ilimfanya kuwa mwanamke wa kwanza kutiwa hatiani kwa kosa hili na mahakama ya kimataifa.

Mimi ni mwandishi wa habari. Redio inahusikaje?

Uchochezi wa moja kwa moja na wa hadharani ni kosa lenyewe kwa mujibu wa kifungu cha tatu cha mkataba, hata kama aliyechochewa hakuua mtu. Desemba 2003 ICTR iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa redio RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 mahakama ya rufaa ilipunguza sehemu ya makosa na vifungo, na ni lazima usome hukumu zote mbili, kwa kuwa ya pili ilichora mstari kati ya maneno ya chuki na uchochezi wenyewe.

Angalia pia kesi ya mwanamuziki Simon Bikindi. Watu hudhani alifungwa kwa nyimbo zake. Sivyo. Alitiwa hatiani Desemba 2008 kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti cha kwenye gari mwishoni mwa Juni 1994, akiwa barabarani, akiwahimiza watu wawaue Watutsi waliobaki. Mahakama ilitenga kwa makini kati ya kazi ya sanaa na kauli ile ya barabarani.

Sisi tunaotumia Kiswahili redioni na mitandaoni tujue hali hii: RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na iliwavuta vijana kwa muziki mzuri na watangazaji wachangamfu kabla ya kuwaita watu mende. Anayewaita jirani zake wadudu leo anaandaa kitu, na mhariri anayeacha neno hilo lipite anashiriki kukiandaa.

Je, Majimaji yalikuwa mauaji ya kimbari?

Hili ndilo swali linalowasha moto darasani, na sitalikwepa.

Vita vilianza Julai 1905 kwenye milima ya Umatumbi, chanzo kikubwa kikiwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa, vikaenea hadi Ungoni na kwingineko kusini. Kinjeketile Ngwale alinyongwa mapema, Agosti 1905. Februari 27, 1906 mashujaa 67 walinyongwa Songea. Lakini walionyongwa na kupigwa risasi ni sehemu ndogo ya waliokufa. Wajerumani walichoma vijiji, wakachoma maghala, wakateketeza mazao shambani, na njaa ikafanya kazi iliyobaki. Takwimu za wakoloni zilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Wanaosema haikuwa mauaji ya kimbari wanasema shabaha ilikuwa kuvunja uasi, si kumaliza Wamatumbi au Wangoni, na hakuna amri iliyopatikana inayofanana na ya von Trotha. Wanaosema ilikuwa wanaonyesha kile kitendo cha tatu katika orodha ya mkataba: kuliwekea kundi hali ya maisha itakayolimaliza. Mtu anayechoma mbegu baada ya adui kushindwa anataka nini?

Msimamo wangu ni huu. Kisheria, mkataba wa 1948 haurudi nyuma kuhukumu 1905, kwa hiyo swali ni la kihistoria. Kihistoria, njaa ile ilikuwa silaha iliyochaguliwa kwa kujua, na hilo linatosha kuiita jinai kubwa bila kusubiri jina. Kuhusu dhamira ya kuangamiza makundi yenyewe, nataka nione mafaili ya wilaya moja baada ya nyingine kabla sijasema ndiyo. Wanafunzi wanaokasirishwa na jibu hili nawaelewa. Nawaomba waende Nyaraka za Taifa, Upanga, wakasome hayo mafaili, kwa sababu kazi hiyo haijaisha na ni yetu.

Kwa Waherero na Wanama, Ujerumani ilikubali mwaka 2021 kuyaita mauaji ya kimbari kwa mtazamo wa leo. Kwetu, Rais Frank-Walter Steinmeier alikwenda Songea Novemba 1, 2023 akaomba msamaha.

ICC na ICJ ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa zote ziko The Hague. ICC hushtaki watu. Omar al-Bashir, aliyekuwa Rais wa Sudani, ana hati ya kukamatwa ya mwaka 2010 yenye mashtaka ya mauaji ya kimbari Darfur. ICJ, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Haki, husikiliza nchi dhidi ya nchi. Mwaka 2007 iliamua kwamba Serbia ilivunja wajibu wake wa kuzuia mauaji ya Srebrenica, na hukumu hiyo ndiyo iliyoweka wazi kwamba wajibu wa kuzuia ni wajibu wa kisheria kwa kila nchi iliyosaini.

Novemba 2019 Gambia, nchi ndogo ya Afrika Magharibi, iliishtaki Myanmar kwa yaliyowapata Warohingya. Waziri wa sheria aliyeipeleka kesi hiyo, Abubacarr Tambadou, alikuwa amefanya kazi miaka mingi Arusha upande wa mashtaka wa ICTR. Aliyoyasikia pale aliyatambua alipowatembelea wakimbizi wa Rohingya Bangladesh.

Na Gaza? Na Sudani? Nizungumzeje kuhusu kesi ambazo hazijaisha?

Kwa usahihi. Afrika Kusini ilifungua kesi dhidi ya Israel Desemba 29, 2023, na Januari 26, 2024 ICJ ikatoa amri za muda. Amri ya muda inasema haki zinazodaiwa zinahitaji kulindwa wakati kesi inaendelea. Si hukumu ya mwisho. Sudani nayo iliishtaki Falme za Kiarabu mwaka 2025, kesi ikaondolewa Mei kwa kukosa mamlaka, kwa kuwa Falme hizo ziliweka sharti kwenye kifungu cha 9 zilipojiunga na mkataba. Mahakama haikusema hakuna kilichotendeka.

Kama raia una haki ya kusema unachokiona, na kukisema kwa nguvu, kwani wajibu wa kuzuia hauna maana ukingoja hukumu. Kama mwanafunzi, eleza siku zote unanukuu nani: majaji, tume, serikali au maoni yako.

Mtu akisema Rwanda "waliuana wote kwa wote," nimjibuje?

Mwambie kwamba Juni 16, 2006 mahakama ya rufaa ya ICTR ilitamka kuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni ukweli unaojulikana ambao hauhitaji tena kuthibitishwa. Wahutu waliokataa kushiriki nao waliuawa, na wanapaswa kukumbukwa. Ni kweli pia kwamba askari wa RPF walituhumiwa kuua raia na kwamba ICTR haikumshtaki hata mmoja wao. Ukosoaji huo ni halali. Lakini kosa la upande wa pili halifuti mpango wa upande wa kwanza, na anayevichanganya mara nyingi anajua anachofanya.

Hapa Dar nitapata wapi vya kusoma?

Nyaraka za Taifa, Upanga, ndiko kwenye mafaili ya utawala wa Wajerumani, yaliyoingizwa na UNESCO mwaka 1997 kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Jiandae na mwandiko wa kale wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo humtoa jasho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, uliza mkusanyiko wa Afrika Mashariki maktabani, na uliza kuhusu utafiti wa Majimaji wa mwaka 1968, pale wanafunzi wa historia walipopelekwa kusini kuwasikiliza wazee. Bila kazi ile tungebaki na sauti ya bwana wilaya peke yake.

Kumbukumbu za ICTR ziko Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha, chini ya taasisi iliyorithi shughuli zake baada ya mahakama kufungwa Desemba 31, 2015. Hukumu na kumbukumbu za wazi zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo usipande basi Mbezi kwenda Arusha kabla hujajua unatafuta nini.

Lazima nijue Kijerumani na Kifaransa?

Kwa shahada ya kwanza, hapana. Ukitaka kwenda mbali na Majimaji, Kijerumani. Ukitaka Rwanda na Burundi, Kifaransa, na hata Kinyarwanda cha kusikia.

Nasoma ushahidi halafu silali. Ni kawaida?

Ndiyo. Usisome ushahidi wa mashahidi usiku, usisome peke yako kwa wiki nzima mfululizo, na usijilazimishe kutazama picha ili uonekane jasiri. Zungumza na mwenzako anayesoma hayohayo. Hali ikizidi, mwone mshauri nasaha wa chuo au daktari mapema.

Kuna manusura wa Rwanda na wakimbizi wa zamani wa Burundi wanaoishi hapa jijini. Naweza kuwahoji?

Inawezekana, lakini usiende kwa pupa. Pata kibali cha chuo kwanza. Nenda kupitia mtu anayemfahamu, si kwa kumtumia ujumbe mtu usiyemjua. Mara ya kwanza nenda kumsalimia tu, bila kinasa sauti, na mweleze unachotafuta na kitatumikaje. Usipange mahojiano Aprili, wakati wa kumbukumbu, isipokuwa yeye mwenyewe ataka. Usimuulize "uliona nini". Muulize maisha yalivyokuwa kabla, shule, mtaa, majirani, naye atafika pale anapoweza kufika. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema basi, zima kinasa sauti hapohapo hata kama ulikuwa katikati ya jambo muhimu kuliko yote. Ukishaandika, mrudishie asome au umsomee kwa Kiswahili, na jina atakalotaka liondolewe liondoe kabla kazi haijafika kwa msimamizi wako.